Mshauri wa Vizimba Awajibu Waliofiwa

Wasomaji wangu wa Kisumu na wa ufuo wa ghuba ya Winam, ambao kwa ada yao huniandikia habari za posa zilizovunjika, mirathi isiyogawanyika na mashemeji waliokuja kusalimu wakasahau kurudi kwao, mwezi huu wa mvua za masika wameyaacha hayo yote wakanijia na kilio kimoja tu, nacho ni kilio cha kuku. Nimezisoma barua zao kwa taadhima istahiliyo msiba, nikaona kwamba karibu kila mfiwa amekwisha kumpata mshitakiwa wake, na kwamba karibu kila mshitakiwa, japokuwa tabia yake si njema, hana hatia ya usiku ule anaoshitakiwa. Kwa hiyo leo sina budi kufanya kazi ya kadhi kabla ya kazi ya seremala.

"Bwana Mshauri, nafuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba hapa Nyalenda. Juzi alfajiri nimekuta mitetea wanne wamekufa ndani ya banda, miili mizima, vichwa havipo. Wavu haukukatika wala mlango haukufunguka. Mume wangu asema ni kenge, kwa sababu alimwona mchana akipita mtaroni, naye amekwisha kununua mkuki. — Mama wa Mitetea, Nyalenda."

Pole, mama. Kwanza mwondolee bwana mkuki, kwani mtu aliyenunua silaha hutafuta adui wa kulingana na bei yake. Kenge ni mwizi wa mchana. Damu yake hungoja jua ndipo ichangamke, na usiku walipouawa mitetea wako yeye alikuwa amelala shimoni. Mayai ya saa sita na vifaranga wa saa nane adaiwe yeye, lakini si vichwa hivi. Sasa tazama ushahidi ulionipa mwenyewe bila kuujua thamani: wavu mzima, mlango umefungwa, mwili ndani, kichwa nje. Maana yake ni kwamba muuaji hakuingia kabisa. Alikuja kanu, yule mnyama mwembamba mwenye madoadoa na mkia wa pete nyeusi, au nguchiro mwenye mkia mweupe, ambaye, tofauti na wengi wa jamaa zake, hutembea usiku. Akawakuta kuku wameegemea wavu, wamezama katika usingizi wao mzito, nao ni viumbe wasioona takriban kitu chochote gizani. Akatia kucha na meno katika tundu, akavuta kilichoweza kupita, na kilichoweza kupita ni kichwa.

Wavu ule mwembamba wa matundu ya pembe sita, uuzwao madukani kwa jina la waya wa kuku, hulitendea haki jina lake kwa upande mmoja tu: huzuia kuku wasitoke. Kuzuia wengine wasiingie haukukusudiwa, na mbwa mwenye njaa huupasua kwa meno. Mwambie fundi wa jua kali akupatie wavu mgumu wa kuchomelewa, wenye matundu ya nusu inchi, naye aufikishe hadi chini ya paa bila kuacha upenyo, kwani kanu ni hodari wa kupanda, na mahali kipitapo kichwa chake kiwiliwili hakibaki nje. Kwa ajili ya wachimbaji, tandaza pindo la wavu kuelekea nje kiasi cha nusu mita, ulifukie kidogo na kulilazia mawe. Mnyama huanza kuchimba palepale ukuta ugusapo ardhi, wala hakujaliwa akili ya kurudi nyuma hatua mbili. Fito za kulalia zisogeze mbali na wavu, umbali wa mkono mzima. Ama ule mkuki nimeufikiria kwa makini: mpini wake ni mwembamba mno hata kuwa fito ya kuku, kwa hiyo sina kazi ya kuupa.

"Mshauri, mimi ni mzee niliyestaafu kazi ya reli, nakaa Kibos. Usiku nasikia mchanga ukimwagwa juu ya bati, na asubuhi kuku mmoja hayupo. Hapana damu, hapana hata unyoya. Jirani yangu anajulikana na kijiji kizima kuwa ni jajuok. Je, nimpeleke kwa chifu? — Mzee wa Reli."

Jaduong', nakuamkia. Jajuok, yaani mkimbiaji wa usiku, kwa kauli ya kila amsimuliaye katika nchi hii ya Nyanza, hutikisa milango, hurusha mchanga na kuiga sauti za wanyama, na malipo yake ni hofu yako, kuku hamtaki. Tena husemwa kwamba hukimbia uchi, nami nakuomba ulipime jambo hilo kwa utulivu: mtu asiye na hata mfuko atamficha wapi kuku, na atakwendaje mbio na kuku apigaye kelele kwapani, ilhali sharti la kwanza la sanaa yake ni kutojulikana? Mchanga mwandikie jirani. Kuku mwandikie mwingine.

Wasioacha damu wala unyoya ni wawili, mtu na chatu, na shahidi wa kuwatenganisha ni jivu. Jioni chekecha jivu laini mbele ya mlango na pembezoni mwa banda. Mtu ataacha nyayo, na pengine kufuli ataichukua, maana nayo ina bei. Huyo ajua kwamba kuku akiinuliwa taratibu gizani hatoi sauti, na ajua vilevile njia ya soko la Kibuye. Basi nawe wahi huko Jumapili mapema, ukiwa umekwisha kuwatia kuku wako alama isiyovulika, kama tundu dogo katika ngozi iliyo baina ya vidole, ambalo hutobolewa tangu wakiwa vifaranga.

Chatu ataacha mfuo mmoja mpana. Na huenda hata jivu lisihitajiwe, kwani huingia na njaa yake katika upenyo mdogo, humeza, kisha tumbo likamkatalia njia ya kutokea, na asubuhi ukamkuta amejikunja miongoni mwa waliosalia. Hapo, Jaduong', usishike panga. Wewe mtu wa uwanda wa Kano hunihitaji mimi nikukumbushe Omieri, chatu wa Wasare huko Nyakach, ambaye wazee humhesabu kuwa mleta mvua na mavuno, na ambaye alipoungua moto mwaka 1987 habari zake zilienea nchi nzima; na chatu alipoonekana tena huko huko mwaka 2003, watu walimpokea kama jamaa aliyerejea safari. Uamini au usiamini, sheria ya wanyamapori haikuulizi itikadi yako. Waite askari wa KWS, ambao hifadhi yao ya swala i kando ya ziwa hapo mjini, wamchukue akiwa hai. Na kama wataka kumsoma adui uso kwa uso bila kupoteza kuku, nyoka wamewekwa katika Makumbusho ya Kisumu. Kwa chifu peleka salamu tu.

"Taa ikiwaka usiku kucha bandani, wanyama watakimbia? — Mwenye Haraka, Milimani."

Watakimbia kwa siku chache, hata watakapotambua kwamba taa haiumi. Baada ya hapo itawasaidia kuchagua aliyenona.

"Kuku wangu wamekufa mmoja baada ya mwingine bila jeraha, shingo zimepinda, na kila usiku bundi analia juu ya mwembe. — Aliyerogwa, Manyatta."

Bundi aachiliwe huru. Shingo kupinda, kuhara kijani na vifo vya mfululizo ni dalili za mdondo, uitwao pia kideri, na hapana wavu uwezao kuuzuia. Chanjo yake ni tone jichoni, na hutolewa kabla ya msiba. Mwite daktari wa mifugo, waliokufa wafukie chini sana, na walio hai usiwakimbize sokoni kwa tamaa ya kuokoa fedha, maana yawezekana hivyo ndivyo maradhi yalivyokufikia wewe.

"Mimi ni mvuvi wa omena hapa Dunga. Mwezi ukiwa giza twashinda ziwani usiku kucha na taa zetu, na nyumbani hubaki watoto. Kwa hofu ya wezi nilijenga banda la bati tupu, nikalitia kufuli mbili. Majuzi, baada ya mvua kubwa, nimerudi alfajiri nikakuta manyoya na mifupa. Kufuli zote ziko salama. — Mvuvi."

Barua hii, ndugu yangu, nimeisoma mara mbili, kwa kuwa wengine walipoteza kuku kwa uzembe na wewe umewapoteza kwa bidii. Walioingia kwako ni siafu, ambao mvua ikilowesha ardhi hutoka kwa majeshi, na kwao kufuli na bati ni mapambo. Kuku aliye huru huruka au hukimbia, akaumwa kidogo akaishi. Aliyefungiwa hana pa kwenda. Banda lako liinue juu ya nguzo nne, kiasi cha futi tatu kutoka ardhini, kila nguzo isimame ndani ya kopo la mafuta machafu ya injini, na juu ya kopo nguzo ivalishwe bati la kukinga mvua, kwani maji yakiingia hukaa chini ya mafuta, yakayainua hata yakamwagika, ukabaki na kopo la maji na imani tupu. Kisha fyeka majani yote yanayogusa banda. Siafu hawahitaji daraja kubwa; unyasi mmoja ulioegemea ukuta utalivusha jeshi zima, na ngazi ya kuku isiyoondolewa jioni ni barabara kuu. Kufuli iwe moja, na ufunguo wake ukae kwa mtoto mkubwa, aliyefundishwa kwamba kelele za kuku usiku wa manane ni amri ya kufungua mlango kwanza na kuuliza baadaye.

Neno jingine linahusu omena zako. Mabaki ya chakula yakilala bandani huita panya, na panya humwita swila, hivyo kila jioni fagia. Watoto nao wasikupe udhuru wa saa ya kufunga mlango. Huko London jua la Disemba huzama kabla ya saa kumi jioni na la Juni baada ya saa tatu usiku, ndiyo maana wafugaji wa nchi hizo hununua milango ijifungayo kwa mitambo. Lakini sisi tukaao karibu na mstari wa Ikweta, upitao jirani na Maseno, jua letu mwaka mzima huzama baina ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, na kuku huingia wenyewe bila kuitwa. Kinachotakiwa ni mkono mmoja wa kusukuma mlango.

"Mama mkwe wangu amekuja kutoka Asembo, na kila jioni anawaingiza kuku jikoni anamolala, akisema banda letu ni upuuzi wa mjini. Mume wangu hathubutu kunena. — Mke Mwema, Mamboleo."

Bibi, mama huyo ana haki kuliko upendavyo kusikia. Zamani kuku walilala ndani na nyanya, naye kwa usingizi wake mwepesi akawa mlinzi bora. Walakini vumbi la mavi ya kuku huumiza kifua, na utitiri hauheshimu umri. Kwa hiyo banda lijengeni upya likiegemea ukuta wa jiko hilo, mlango wake uelekee dirisha lake, na umkabidhi ufunguo mbele ya mumeo, kwa maneno ya heshima, kama akabidhiwaye mali ya ukoo. Akikataa, msibishane. Wacheni mitetea bandani, na jikoni abaki jogoo peke yake. Atawika saa kumi alfajiri chini ya kitanda, na shauri la kumhamisha mama atalianzisha mwenyewe kabla ya chai.