Pimbi na Jumuiya ya Wenye Mkonga

Chuo Kikuu cha Nyikani kilifungua muhula kwa tangazo la vyumba, na kama kawaida orodha ilikuwa fupi kuliko foleni ya waliokuja kuisoma. Pimbi, mwaka wa kwanza kutoka majabali ya Mwanza, aliisoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Hakuwamo. Alichokuwa nacho ni sanduku la bati, godoro lililofungwa kwa kamba ya katani, na barua ya udahili iliyompongeza mara mbili katika ukurasa mmoja.

Usiku ule alibebwa na Panya Buku wa mwaka wa pili. Aliyepita vyuo vyetu anakujua kubebana: kitanda kimoja, wenyewe wawili, mnalala mzungu wa nne na nyayo za mwenzako zinakusalimia alfajiri. Panya Buku hakumuuliza kwao wapi wala mkia wake uko wapi. Alimwonyesha ndoo. "Dogo, hapa maji yanatoka saa tisa usiku. Andika jina kwa rangi ya kucha, kalamu inafutika." Koridoni ndoo zilikuwa zimepanga foleni kwa niaba ya wenyewe, kila moja na jina lake jekundu, na ndani ya ile ya Ngiri mlikuwa na tofali ili mtu asiisogeze nyuma.

Basi shida za chuo zilikuwa hizo, vitanda na maji, mpaka Kasuku alipoleta habari za ng'ambo.

Kasuku alilelewa kwenye roshani ya profesa mmoja aliyesoma Cornell, kule Ithaca, jimbo la New York, na kila alichokisikia mezani alikitoa kama kilivyoingia. Alipanda juu ya kimbweta akatangaza kwamba wasomi wa Marekani hukaa mabwenini kwa asili zao. Cornell wana bweni tangu 1972, linaitwa Ujamaa. Ndiyo, Ujamaa hiihii ya Azimio la Arusha. Stanford nako kuna Ujamaa, na Brown kuna Harambee. "Wao wameazima majina kwetu," akasema Kasuku, "sisi kuazima mtindo kwao kuna dhambi gani?" Tembo wakapiga makofi kwa masikio.

Kasuku alisema nusu. Huenda profesa naye mezani alikuwa akisema nusu. Mwezi Aprili 1969, msalaba uliwashwa moto mlangoni mwa Wari House, nyumba ya wasichana weusi wa Cornell. Kesho yake wanafunzi weusi wakaliteka jengo la Willard Straight. Ujamaa ilifunguliwa miaka mitatu baada ya moto huo. Walioitaka nyumba ile walikuwa wachache katikati ya wengi, na wale wengi hawakuhitaji bweni lenye jina kwa sababu yote yaliyobaki yalikuwa yao. Mimi naona ukiondoa ule msalaba, habari inayobaki ni ya vitanda tu, na vitanda ndivyo Tembo walivyokuwa wakivisikilizia.

Wiki haikuisha, Jumuiya ya Wenye Mkonga ikazaliwa. Tembo hawakuwa wachache, wala hakuna aliyewahi kuwachokoza. Walikuwa tayari wanakaa Bweni la Kwanza, lenye tanki juu ya paa na bomba lisilojua saa tisa usiku. Lakini katika risala yao walieleza kwa uchungu jinsi mwenye mkonga anavyojihisi mpweke akiwa mezani na watu wanaokula kwa mdomo moja kwa moja. Mwenyekiti alilia. Machozi ya tembo ni mengi, yakalowanisha safu mbili za mbele.

Baada ya hapo kila mtu akawa na chake. Kukawa na Umoja wa Wenye Kwato na Mtandao wa Wenye Magamba. Pundamilia waliandikisha chama asubuhi, jioni kikawa viwili, maana walishindwana kama wao ni weusi wenye mistari myeupe au weupe wenye mistari myeusi. Twiga, mwenye kwato, mabaka na vijipembe, alialikwa katika vikao vitatu kwa saa moja. Kwa bahati shingo yake ilimruhusu kuhudhuria vyote kupitia madirishani.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Mama Kiboko, Mshauri wa Wanafunzi. Kwa miaka mingi wanafunzi walikuwa wakimjia kwa sauti moja kuuliza maji yako wapi, naye akijibu kutokea bwawani, pua tu zikionekana. Sasa walimjia makundi makundi, kila kundi likiuliza kwa nini lile jingine limepewa ukumbi mkubwa. Swali hilo majibu yake hayahitaji mabomba. "Wanangu," akasema, "chuo kinathamini kila mmoja kwa alivyo." Akatoa masharti: wanachama wasiopungua ishirini, katiba, mlezi, muhuri. Atakayetimiza atapata hati ya usajili na keki ya uzinduzi. Keki zilikuja kwa wakati. Mabomba, mkandarasi bado alikuwa akitafutwa.

Fisi walikuwa wawili tu chuoni. Mnajua jina walilo nalo vijijini, kwamba wachawi huwapanda usiku kama punda. Muhula ule mtu alimwaga chumvi kizingitini pao, kisha akaandika mlangoni kwa mkaa: WACHAWI. Wenzao wa chumba walihama, mmoja akaacha hata shuka lake kwa kuogopa kulirudia. Fisi wakaenda ofisini kwa Mama Kiboko, wakasema nao wanaomba chumba chao na mtu wa kuwasikiliza. Karani akahesabu: mmoja, wawili. Akawarudishia fomu, akawaambia wakifika ishirini waje.

Pimbi naye alikuwa akizunguka na fomu. Panya Buku alikuwa amemwekea wazi: Chama cha Watafunaji kimepitisha azimio la kutobeba wasio wanachama. "Si mimi, dogo, ni katiba." Pimbi akawaza, akaenda Bweni la Kwanza, akabisha.

Alipokelewa na Jopo la Uhakiki, Tembo watatu nyuma ya meza.

"Shikamooni kaka zangu. Nimekuja kujiunga. Mimi ni ndugu yenu."

Hakuna aliyecheka, maana kwanza ilibidi wamwone. Mmoja akainama.

"Ndugu yetu kwa upande gani?"

"Wa damu. Wataalamu wa viumbe wanajua hivyo. Katika wanyama wote walio hai, wa karibu yenu ni sisi pimbi na shangazi Nguva aliyeko baharini. Meno haya mawili yaliyotokeza," akafunua mdomo, "ni meno ya mbele, hayaachi kukua, kama pembe zenu ambazo nazo kwa asili ni meno ya mbele. Mama yangu alinibeba tumboni miezi saba na ushei, na mimi ni huyu mnayemwona. Paka, tunayelingana kimo, habebi hata miezi mitatu. Nanyi nasikia ni miezi ishirini na miwili. Na kuna jambo jingine, samahani, linahusu sisi wanaume, mahali tunapohifadhia vitu vyetu. Kwenu viko ndani ya tumbo. Kwetu pia."

Jopo liliamua jambo hilo lisiandikwe kwenye kumbukumbu. Kisha mwenyekiti akauliza swali moja: "Mkonga uko wapi?"

Pimbi alishika pua.

Akatolewa kwa heshima. Alilala wapi? Kwa Fisi, mahali pekee palipokuwa na vitanda vitupu. Walimpikia ugali na mifupa, naye akala ugali. Waliamka naye saa tisa za usiku kwenda bombani, na walipopita wao foleni ilifunguka yenyewe. Hiyo ndiyo faida moja ya kuitwa mchawi.

Ukafika uchaguzi wa serikali ya wanafunzi. Nyumbu, aliyehamia kutoka ng'ambo ya Mara, alishauri wafanye kama Kenya, ambako sheria ya vyuo vikuu ilibadilishwa mwaka 2016, wanafunzi wakawa wanachagua wajumbe, na wajumbe ndio wanachagua viongozi. Aliulizwa imesaidia nini. Akasema kwa mgombea imesaidia sana, watu wa kununuliwa chipsi wamepungua.

Nyikani walibaki na kura ya kila mmoja, na Tembo walipojumlisha za kwao zikapungua chache. Usiku uleule mwenyekiti wa Jopo akapiga magoti mbele ya mlango wenye maandishi ya mkaa, maana mwili hauingii.

"Ndugu yetu Pimbi! Tumeyasoma upya yale ya meno. Damu nzito kuliko maji."

"Kitanda je?"

"Kitanda ni suala la utawala. Sisi tumekuletea undugu." Akamkabidhi kadi: *Mwanachama, Mkonga wa Heshima*.

"Na hawa wenzangu wawili?"

"Hao wana chama chao."

"Hawana. Hawakufika ishirini."

Tembo akatikisa kichwa kwa huruma, akaondoka, sehemu ya fremu ya mlango ikamfuata.

Pimbi alipiga kura. Ni siri yake alimpa nani. Ila kesho yake alionekana Bweni la Kwanza, kadi shingoni, akichota maji mchana kweupe. Ndoo ya kwanza ilikuwa na jina lake. Mlinzi akamwamkia. Ya pili na ya tatu zilikuwa na majina mengine kwa rangi ya kucha. Akachota hivyo siku ya pili, ya tatu, wiki nzima, na kwa mara ya kwanza muhula ule Fisi wakaoga asubuhi na kuingia darasani na wenzao.

Jumatatu iliyofuata tangazo likabandikwa, lenye muhuri wa Jumuiya na saini ya Mama Kiboko kama mlezi: "Wanachama wote wanaarifiwa kuwa limeundwa Jopo la Uhakiki wa Ndoo. Kila ndoo ifike ofisini na mwenyewe, ikiwa tupu. Keki itakuwepo."