Kitufe Kilichobonyezwa Mara Moja

Tangu Ijumaa jioni hatukuwa tena na meza ya chakula. Binti yetu, mwanafunzi wa diploma ya umeme, aliifunika kwa nyaya, bredibodi na kimfuko cha chipu alizonunua Kariakoo, nasi tukala mkekani. Kazi aliyopewa ilikuwa rahisi kuisimulia: kitufe kimoja na taa ya namba moja. Kila ukibonyeza, namba ipande kwa moja, kuanzia 0 hadi 9, kisha irudi 0. Chipu za kuandikiwa programu hazikuruhusiwa. Ni za kawaida tu, 74LS90 ya kuhesabu na 74LS47 ya kuwasha taa. Kuwasilisha ni Jumatatu asubuhi.

Usiku uleule namba ikawaka, nyumba nzima tukapiga makofi. Akabonyeza. Ikatoka 0 ikaenda 3. Akabonyeza tena, 4. Safari iliyofuata, 8.

Kila mtu akawa na lake. Bibi yake, mama yangu mzazi, alisema, "Mjukuu wangu, una pupa. Bonyeza taratibu." Mama yake akaishuku chaja kuukuu ya simu iliyokuwa ikitoa volti 5. Mdogo wake wa darasa la sita akashukiwa yeye mwenyewe, maana alionekana akivutavuta nyaya.

Chaja ikabadilishwa, namba ikaruka. Akaweka kapasita ya maikrofaradi 0.1 kati ya umeme na ardhi, karibu kabisa na chipu, ikaruka. Akakagua pini moja moja. 74LS90 ina mambo yake: umeme unaingia pini ya 5 na ardhi ni pini ya 10, si kwenye pembe kama chipu nyingi za ukoo wake. Tena pini za 2, 3, 6 na 7 zikiachwa zinaning'inia, chipu huzisoma kama 1 na kung'ang'ania namba ileile. Zote zilikuwa zimefungwa kwenye ardhi.

Jumamosi asubuhi akaniambia, "Baba, labda umeme si fungu langu."

Kauli ile iliniuma. Mchoro aliopewa ulionyesha kitufe kinachofunga mara moja na kufungua mara moja, na yeye akauamini. Vitufe vya kawaida vya chuma haviko hivyo. Mwanafunzi aambiwe jambo hilo siku anapokabidhiwa kitufe chake cha kwanza. Asipoambiwa, atailaumu mikono yake bure.

Mchana akafanya kitu ambacho hata leo nakisimulia kwa furaha. Alikitoa kitufe chote, mahali pake akaweka chipu ya 555 aliyoipanga itoe pigo moja kila sekunde. Tukasimama nyuma yake, mimi, mama yake na Bibi. Moja, mbili, tatu, nne. Mpaka tisa, ikarudi sifuri, ikaanza upya, haikuruka hata namba moja. Kwa hiyo 74LS90 ni nzima, 74LS47 ni nzima, taa ni nzima, chaja haina neno. Kilichobaki ni kitufe.

Alipokirudisha, mdogo wake akasema, "Dada, hebu kishikilie, usikiachie." Akabonyeza akashikilia: namba ikasimama kwenye 2. Akaachia, ikawa 5. Kumbe hata wakati wa kuachia kilikuwa kinahesabu!

Hapo mambo yakafunguka. Ndani ya kitufe kuna vipande viwili vya chuma. Vikikutana havitulii papo hapo. Vinadunda kama mpira ulioangushwa sakafuni, vinagusana na kuachana mara kadhaa kabla ya kushikana. Vikiachana, vivyo hivyo. Mhandisi wa Marekani Jack Ganssle alipima swichi 18 za namna mbalimbali; ukiacha mbili zilizodunda kupita kiasi, wastani wa kudunda ulikuwa takriban milisekunde 1.6. Kwa jicho letu hicho si kitu. Kwa 74LS90, yenye uwezo wa kuhesabu mapigo zaidi ya milioni 30 kwa sekunde, ni muda mrefu mno, na kila mdundo unaoangusha volti unaongeza moja.

Bibi alikuwa akisikiliza. Akainua kidole chake chenye tasbihi ya kubonyeza, ile ya plastiki ya kuvaa. "Mbona yangu hairuki?" Lilikuwa swali bora kuliko yote ya siku ile. Vihesabio vya namna ile hutengenezwa vikiwa na subira: vikishapokea mbonyezo wa kwanza, havisikilizi kingine mpaka muda kidogo upite. Mwanetu mdogo alikuwa ameshafuata bisibisi. Bibi akauficha mkono ndani ya khanga.

Binti yetu alikuwa na 74LS00, chipu ya geti nne za NAND. Ukizifunga mbili zitazamane, unapata sakiti ya kukumbuka, ya jamii ile waliyoibuni Eccles na Jordan kule Uingereza mwaka 1918. Lakini inataka swichi ya miguu mitatu. Ndipo ikakumbukwa mausi ya kompyuta iliyokufa zamani, ikiwa bado kabatini. Swichi chini ya kibonyezo chake ina miguu mitatu. Akaing'oa kwa chuma cha solda huku mama yake akisukuma chapati upande wa pili wa meza, akautambua mguu wa pamoja kwa mlio wa multimita, akafunga rizista mbili za omu 10,000. Ulimi wa swichi ukishagusa upande wa pili mara ya kwanza, geti zinageuka. Ukidunda, haufiki tena upande ulikotoka, basi geti zinabaki zilivyo.

Akabonyeza: 1. Akaachia: 1. Mdogo wake akabonyeza kwa fujo zake zote, namba ikapanda kwa moja moja.

Bibi naye akabonyeza kwa utulivu mpaka 9, ikarudi 0. "Sasa hiki kitanifikishaje 33 za tasbihi?"

"Bibi, tunaongeza 74LS90 ya pili. Pini ya 11 ya hii inaingia pini ya 14 ya ile. Hii ikitoka 9 kwenda 0, ile inahesabu kumi moja."

Basi Jumatatu akitoka chuoni anapitia Kariakoo: 74LS90 moja, 74LS47 moja, taa ya namba, na rizista saba za omu 330. Hela ametoa Bibi.