Jogoo wa Kabambare

Mkosaji ni mimi. Nasema mapema msije mkasumbuka kumtafuta, maana ndivyo zinavyokwenda filamu za Columbo: dakika za mwanzo unamwona mtu akiua, unaijua sura yake mpaka viatu vyake, kisha unakaa saa nzima kumngoja polisi wa koti lililokunjamana aje ajue unachokijua tayari. Watoto wangu hawazitaki. Wanauliza, kama muuaji tumeshamwona, tunangoja nini? Huwa nawajibu kwamba tunangoja aibu yake. Sikujua kwamba najitabiria.

Siku ile nilikuwa msafiri wa Kabambare, kutoka kwetu Kasongo. Mama Zaina aliniandaa tangu alfajiri: nauli ya moto, yaani pikipiki, niliyoikunja mfukoni mwa shati, na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, zawadi ya kaka yake aliyetoka kuugua. "Baba Zaina, umkabidhi mkononi mwake," alisema. "Usimwachie mtu."

Mwenye moto akanizungusha. Saa mbili anatafuta esanse, petroli yake. Saa nne mvua imekata njia. Saa sita akapata abiria wawili wa Salamabila wanaokimbilia dhahabu, akawapakia mbele ya macho yangu, akaenda. Kumbe mvua ya kwetu huwakatia njia watu wenye jogoo tu.

Sasa mtu aliyeagwa kwa dua atarudije nyumbani mchana uleule, jogoo kwapani, majirani wote wako barazani? Nilizungukazunguka sokoni mpaka jua likazama, nikaingia kwenye sinema ya video. Ni chumba cha mabati, mabenchi, televisheni moja, na nje grupu la umeme linalonguruma kama lina ugomvi na mtu. Kuna kijana anayegeuza Kifaransa kuwa Kiswahili chetu, na hachezei kazi yake. Columbo akisema neno moja, yeye anasema sita. Columbo akimtaja mkewe, yule mama ambaye watazamaji hawajapata kumwona hata kivuli, kijana anatuarifu kwamba ni Mbangubangu wa Kabambare, ndiyo maana mume hana raha. Watu walicheka. Mimi nilikohoa. Mama Zaina ni wa hukohuko.

Filamu yenyewe ilionyeshwa Marekani mara ya kwanza Septemba 15, 1971, mwezi na ushei kabla nchi hii haijabatizwa Zaire. Aliyeiongoza ni Steven Spielberg, wakati huo kijana wa miaka 24 asiyejulikana na mtu. Inahusu waandishi wawili wa riwaya za upelelezi: mmoja anaandika kila kitu, mwenzake anapigwa picha. Mwandishi amechoka, anataka kuandika peke yake. Mpigwa picha anaona ulaji unakwisha. Anamchukua mwenzake kutoka Los Angeles mpaka kwenye nyumba yake ya mapumziko upande wa San Diego, mwendo wa kilomita karibu 200, anamwambia: mpigie mkeo simu, mwambie uko ofisini. Mjinga anapiga. Risasi inalia sikioni mwa mke, na mke anawaapia polisi kwamba mumewe kauawa ofisini.

Hapo ukumbi ulichafuka. Si kwa huruma, kwa dharau. Huu ndio ujanja? Kusema kwa simu kwamba uko mahali usipo? Kasongo nzima inaishi hivyo! Anayekudai akipiga, uko Kindu. Anayekungoja akipiga, uko njiani, na bado hujavaa suruali. Mama mmoja alisema muuaji yule hana elimu, angeuliza tu hapa sokoni angefundishwa bure bila kumwaga damu.

Nami katikati ya kelele hizo simu ikatetemeka. Mama Zaina.

"Umefika?"

"Nimefika, namshukuru Mungu. Tumekaa na shemeji hapa."

Wakati huohuo jogoo, aliyenyamaza tangu asubuhi kama shahidi aliyehongwa, akawika.

"Baba Zaina, huyo si jogoo wangu?"

"Ndiye. Bado sijamkabidhi."

"Mpe kaka simu nimsalimie."

"Ameshalala."

"Si umesema mmekaa?"

Nikasema mtandao unakatika, nikaukata mwenyewe.

Nilirudi kumtazama Columbo. Wazee hapo ukumbini wanampendea gari lake, Peugeot 403 bovu, kwa sababu mtu mwenye gari bovu wanamwamini. Mimi siku hiyo nilianza kumchukia. Anauliza, anaaga, anafika mlangoni, anageuka, amekumbuka neno moja dogo. Muuaji anatabasamu, jasho linamtoka. Nami linanitoka.

Zikibaki dakika chache, grupu likazima. Esanse imekwisha. Mwenye sinema akasema tuchange, na watu wa Kasongo ukiwaambia wachange, kila mmoja anakumbuka historia. Mzee mmoja gizani akasema mpelelezi Mmarekani si kitu kipya hapa. Yule Mjerumani Emin Pasha alipouawa huko msituni Oktoba 1892, nani alijua? Ila Dhanis, kamanda wa Wabelgiji, alipouteka mji huu Aprili 1893, vitu vya marehemu vilikutwa hapahapa Kasongo, na daftari zake za kumbukumbu zikiwamo. Baadaye Mmarekani Mohun akawahoji waliomuua mpaka wakakiri. "Unaona," mzee alisema, "mtu anaweza kunyamaza. Vitu vyake havinyamazi."

Ningemsikiliza mzee yule yasingenipata. Lakini nilitaka mwisho wa filamu. Saa nzima nimeteswa na polisi yule, halafu nikalale bila kuona amemkamataje? Nikamsogelea mwenye sinema, nikamkabidhi jogoo kwa esanse. Mkononi mwake, kama nilivyoagizwa.

Mwisho wenyewe nauona mpaka leo. Columbo anatoa karatasi iliyokutwa kwenye maandishi ya marehemu. Mpango mzima wa kuua kwa simu umo humo: mpigwa picha aliwahi kumsimulia mwenzake kama kisa cha riwaya, na mwenzake, kwa vile ndiye mwandishi, aliandika. Wazo zuri pekee alilopata yule bwana katika kazi yao yote, na ndilo lililomfunga. Nilipiga makofi kuliko wote. Lazima, jogoo alikuwa wangu.

Nililala kwa rafiki. Kesho yake alasiri nikapita mtoni, nikajipaka matope magotini, maana hakuna aliyerudi kutoka Kabambare masika na suruali safi. Mama Zaina alinipokea vizuri, akanipa maji, akainama kunitazama miguu.

"Njia ya Kabambare siku hizi ina matope meusi?"

"Mvua imezidi."

"Nilidhani mekundu." Akaenda jikoni. Akafika mlangoni, akageuka. "Neno moja tu, Baba Zaina. Kaka amempenda jogoo?"

"Sana."

"Nivulie shati nilifue."

Nikalivua. Ndiyo, na nauli ndani yake. Mtu niliyetoka kumcheka muuaji kwa kusahau karatasi.

Siku mbili hakusema kitu. Nami nikaona nimepona, nikaanza hata kuwasimulia watoto habari za shemeji, namna anavyotembea sasa bila mkongojo. Siku ya tatu nikaitwa kula. Ugali, na bakuli limefunikwa. Nikafunua. Juu ya mchuzi, paja la kuku, na mguu wake mzima haukukatwa kama ilivyo desturi yetu, umeachwa kwa makusudi: vidole vitatu. Yule jogoo wetu jembe lilimkata kidole cha nne akiwa kifaranga, na wilaya nzima hakuna mwingine kama huyo.

"Amerudi kutoka Kabambare," alisema Mama Zaina. "Nimemkuta amefungwa karibu na grupu. Nauli nimemlipia ile uliyomwachia mfukoni." Akanimiminia maji mikononi. "Na kaka amepiga simu. Anauliza utakwenda lini."

Nikamwomba pilipili.