Kompyuta Yangu Imestaafu Kabla Yangu

Jamani, nina kisteshenari changu nyuma ya kituo cha daladala. Fotokopi, kuchapa barua, picha za pasipoti. Kompyuta moja. Niliinunua Kariakoo, yuzdi. Muuzaji aliniapia kuwa Ulaya ilikuwa inatumiwa na mama mmoja mpole. Nikaamini.

Juzi tangazo limejaa kioo kizima. Foleni watu sita. Kiingereza changu cha kuungaunga, nikadhani napongezwa. Nikasema, "Asanteni." Mwanafunzi mmoja akachungulia: "Mzee, wanasema Windows 10 ndiyo basi tena." Foleni ikacheka. Windows ndiyo nini? Miaka yote nilijua kompyuta yangu ni Dell.

Nikamwita fundi. Dogo wa kaptula, hata sijamkaribisha ameshakalia kiti changu. Akasema Microsoft, wenye hiyo Windows 10, waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Itawaka kama kawaida, ila matundu ya kupitia wezi hayazibwi, labda nihamie Windows 11. Basi weka hiyo 11, nikasema. "Haikubali, mzee. Haina TPM 2.0." Moyo ukaruka. Nikajua kodi mpya. Nikatoa risiti zangu zote, mpaka ya taka! Kumbe ni kachipu ka kutunza siri za mashine. Halafu prosesa yangu ya Intel ni kizazi cha 6, wao wanataka kuanzia cha 8. Mashine nayo inaulizwa ukoo!

Akanipa njia nyingine. Biashara inaweza kulipia viraka, dola 61 kwa kompyuta mwaka wa kwanza. Wa pili mara mbili yake, wa tatu mara mbili tena, kisha basi. Jumla dola 427. Mashine yenyewe nilinunua laki mbili na nusu. Mlinzi anakula hela kuliko duka!

Nikamuuliza, nani aibe barua zangu za posa? Akanitajia kirusi WannaCry, Mei 2017, ilivyofunga kompyuta za hospitali Uingereza. Kiraka kilishatoka Machi, wao hawajakiweka. Nikanyamaza. Akauliza nakala za kazi za wateja naziweka wapi. Nikamwonyesha palepale kwenye kioo. Akashika kichwa.

Wenye maduka makubwa wahamie kompyuta mpya, wala sibishi. Mimi nachanga, na mama watoto ameshasema hela ya kikoba haiguswi. Kwa sasa nimechomoa intaneti. Ukija kuchapisha, njoo na flashi. Na tafadhali, iwe umeiskani. Ya mteja wa jana imegeuza mafolda yangu yote kuwa shotikati.