Jinsi ya Kuendesha Mazoezi ya Bendi Bila Kufundisha Kitu

Mwalimu, hongera kwa kukabidhiwa bendi ya shule. Stoo kuna tarumbeta chache, nyingine vitufe vyake vinanasa, na mahafali yamekaribia. Usibabaike.

Siku ya kwanza anza moja kwa moja na Mungu Ibariki Afrika. Achana na zoezi la noti ndefu, lile la mtoto kushika sauti moja, polepole, kwa hesabu ya nane, mpaka isitetereke. Linachosha masikio, na mkuu wa shule akipita atadhani mnacheza. Bahati mbaya wimbo wenyewe ni wa polepole na umejaa noti ndefu. Kwa hiyo katikati ya mstari utamwona mpiga tarumbeta amepandisha mabega, mashavu yamevimba kama maandazi, sauti inazama taratibu. Mwambie akaze moyo.

Vitufe ni vitatu tu, basi wakariri vidole. Mtoto akibonyeza sawasawa na ikatoka noti nyingine, mkaripie. Usithubutu kumweleza kwamba hata bila kugusa kitufe tarumbeta hutoa noti kadhaa, na kinachochagua ni midomo na pumzi. Akilijua hilo ataanza kuvumisha midomo bwenini kila jioni, na matroni atakuja kwako.

Kulinganisha sauti? Mara moja asubuhi, vyombo vikiwa baridi, inatosha. Vikipata joto sauti hupanda, kila kimoja kwa mwendo wake. Hapo laumu jua.

Ukitaka raha zaidi, amuru wote wapige C. C ya tarumbeta ni B flati kwa mwenye tromboni, kwa hiyo watagombana kwa sauti kubwa ingawa kila mmoja amekutii. Watazame kwa hasira, kisha waambie warudie.

Vitufe vikizidi kunasa, jikoni kuna mafuta ya alizeti. Yatakapoganda, itakuwa muhula mwingine.

Ngoma kubwa mpe kijana mwenye misuli kuliko wote. Mpigo ukikimbia, usimsimamishe: ndiye atakayefunika mengine yote siku yenyewe. Mgeni rasmi akiinuka kusema bendi imechangamka sana, chomoa barua ya kuomba sare mpya.