Mhadhara wa Bingwa wa Upweke Barabarani

Waheshimiwa mliowahi na mliochelewa: leo mna bahati. Mbele yenu amesimama Bingwa wa Safari za Peke Yake, Mtafiti Mwandamizi wa Upweke wa Barabarani, cheo nilichotunukiwa na kamati ya watu watatu, wawili kati yao wakiwa na udhuru siku ya kikao. Hoja yangu ni moja, nayo ni nzito, kwa hiyo nitaisema taratibu: mtu aliyekata tamaa akiingia garini peke yake, akafunga vioo, akaendesha siku nzima bila kusemeshwa, hushuka jioni akiwa na ari mpya. Ari hiyo hapewi na mtu. Huitoa mwenyewe, kama buibui atoavyo uzi tumboni mwake. Nalisisitiza neno “mwenyewe” kwa sababu ndilo nguzo ya nadharia yangu, na pia kwa sababu nalitamka vizuri.

Ushahidi wa kwanza ni Bertha Benz. Mwezi Agosti 1888, mama huyu wa Kijerumani alilichukua gari lililobuniwa na mumewe, Karl, bila kumuaga, akaliendesha kutoka Mannheim hadi kwa mama yake mzazi Pforzheim, safari ya kilomita mia moja na ushee ambayo gari la aina hiyo lilikuwa halijawahi kuifanya. Tazameni ukakamavu wa mtu aliye peke yake! Mrija wa mafuta ulipoziba, aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Mafuta yalipopungua, alinunua kwa mwuza dawa wa Wiesloch, maana vituo vya mafuta vilikuwa bado havijazaliwa. Breki zilipolika, fundi viatu alizipigilia ngozi. Na kwenye miinuko, gari lilipogoma kupanda, lilisukumwa na wanawe wawili, Eugen na Richard, aliokuwa nao tangu nyumbani. Hapa naomba umakini: katika takwimu za upweke, watoto hawahesabiwi. Mwuza dawa na fundi viatu nao walibaki kwenye shughuli zao, hivyo hawakusafiri. Mama alikuwa peke yake kabisa.

Ushahidi wa pili ni daktari Horatio Nelson Jackson wa Vermont, ambaye mwaka 1903 aliweka dau la dola 50 kwamba angeivuka Marekani kwa gari, kutoka San Francisco hadi New York. Hakuwa na gari, wala uzoefu wa maana wa kuendesha. Nitazirudia sifa hizo mbili, kwani ni sifa za watu wakubwa. Alifika baada ya siku 63. Safari nzima alikuwa na fundi wake, Sewall Crocker, na walipofika Idaho akaongezeka mbwa, Bud, aliyevalishwa miwani ya kuzuia vumbi. Wa tatu ni John Steinbeck, aliyeizunguka nchi hiyohiyo mwaka 1960 akaandika kitabu, *Travels with Charley*, na huyo Charley ndiye mbwa wake. Wapinzani wangu wanadai upweke wa namna hii una msongamano. Nawajibu kwa kanuni: fundi akiingia uvunguni mwa gari haonekani, na asiyeonekana hayupo. Kuhusu mbwa, utafiti unaendelea.

Sasa turudi nyumbani, kwenye barabara ya Dar es Salaam hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 800, ambayo ndiyo maabara yangu. Hapa wabishi wamejaa. Wanasema kwamba kwenye mlima Kitonga dereva hajui kilichojificha nyuma ya kona mpaka aone matawi mabichi yamelazwa kwenye lami, fungu baada ya fungu. Hapo hupunguza mwendo, na mbele hukuta lori limekufa katikati ya njia. Wanauliza, nani aliyeyakata matawi yale? Ni utingo, mtu asiyemjua dereva anayekuja na ambaye hatamwona tena. Wanauliza tena: na yule anayekuwashia taa kutoka upande wa pili ujue trafiki wapo mbele na tochi, si mwenzako huyo? Na mwuza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni anayekupa pole ya safari hata usiponunua? Wanaongeza kwamba barabara hiyo inakatisha Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50, na kwamba aliyefunga vioo akajisikiliza mwenyewe anaweza kumgonga mnyama, ambaye faini yake imepangwa kwa jina, bila punguzo kwa mtu aliyekuwa kwenye tafakuri. Kisha wanahitimisha kwa methali: kidole kimoja hakivunji chawa. Jibu langu la kisayansi ni kwamba leo hatuzungumzii chawa.

Pingamizi la mwisho ni la chuki binafsi: kwamba mhadhiri hana leseni ya udereva. Ni kweli, sina. Lakini mkunga wa kiume haulizwi amejifungua mara ngapi. Isitoshe, kiti cha dirishani katika basi la abiria hamsini na kitu ndicho kilele cha upweke, hasa jirani akisinzia. Basi likisimama ili watu wachimbe dawa, mtafiti makini hurudi wa mwisho, na abiria wote humsubiri huku kondakta akimwita kwa rangi ya shati lake. Mtu anayesubiriwa na watu hamsini, upweke wake una uzito wa kitaaluma.

Kwa hiyo nahitimisha. Ari mpya huzaliwa upwekeni, na hilo limethibitishwa na mama mwenye wana wawili, daktari mwenye fundi, mwandishi mwenye mbwa, na mhadhiri mwenye kondakta. Usiku umeingia na daladala zimepungua, basi mwenye gari anayeelekea Kimara tafadhali anisubiri mlangoni. Ila asiwe mtu wa kunyamaza njiani. Kimya cha garini hunivunja moyo.