Unyayo Usiofika Kenya: Barua ya Wazi kwa Walinzi wa Sinema Safi

Kwa: Wakurugenzi wa albert, asasi ya sinema na runinga endelevu iliyo chini ya BAFTA, London

Yah: Maombi ya cheti cha sinema isiyochafua hewa

Waheshimiwa,

Barua hii inatoka Kenya, lakini kabla wasomaji wake hawajakumbuka simba na ndege ndogo za filamu ya Out of Africa, yafaa ieleweke kwamba Kenya inayotajwa hapa ni mojawapo ya komini saba, yaani sehemu za kiutawala, zinazounda jiji la Lubumbashi katika jimbo la Haut-Katanga, Kongo. Wakazi wake wametimiza masharti ya sinema ya kijani bila kuhudhuria semina hata moja, kwa sababu hakuna nyota anayeletwa huko kwa ndege, hakuna msafara wa magari ya vipodozi, na umeme unapokatika, vibanda vya video hukaa gizani bila kutoa chembe ya moshi.

Juhudi za asasi hii zinastahili heshima. Ripoti iliyotolewa mwaka 2020 na albert, Taasisi ya Filamu ya Uingereza na kampuni ya Arup ilikadiria kwamba filamu moja yenye bajeti inayozidi dola milioni 70 huzalisha kwa wastani tani 2,840 za hewa ya ukaa, ile inayolipasha joto anga la dunia, na kwamba sehemu kubwa ya tani hizo hutokana na usafiri na nishati, zikiwemo jenereta za dizeli zinazowasha taa za kupigia picha. Miongoni mwa dawa zinazopendekezwa ni kuziweka kando jenereta hizo na kutumia betri kubwa zisizonguruma wala kunuka, na filamu iliyofuzu hupewa alama ya unyayo ya kuonyeshwa mwishoni, ili mtazamaji ajue kwamba waliopita hapo walikanyaga taratibu.

Unyayo huo, hata hivyo, una visigino ambavyo kamera haivioni. Betri nyingi za lithiamu, ingawa si zote, huhitaji kobalti, madini yanayozisaidia kutunza nguvu nyingi katika umbo dogo, na zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani imekuwa ikitoka Kongo, hasa Haut-Katanga na Lualaba, ambako mitambo mikubwa hufanya kazi jirani na wachimbaji wanaoshuka mashimoni kwa sururu na kamba. Hata kilima cheusi cha masalia ya kiwanda cha shaba kilichoanza kazi Lubumbashi mwaka 1911 hukwanguliwa upya ili kitoe kobalti. Mzigo huo hupakiwa kwenye malori, yakapanga foleni ndefu mpakani Kasumbalesa yakielekea bandari za mbali, nayo malori hayo hutumia dizeli, kwa hiyo moshi uliofukuzwa studioni London umekwisha kupata uraia wa Kongo.

Umeme nao una mchezo wake. Tangu mwaka 1982 laini ya Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa takriban kilomita 1,700, imekuwa ikileta umeme wa maporomoko ya Mto Kongo kwenye migodi ya eneo hili la Katanga, ikipita juu ya vijiji visivyo na balbu, huku familia za Lubumbashi zikipikia makaa yanayoimaliza misitu ya miombo iliyolizunguka jiji. Makaa hayo huitwa hapa makala. Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam akiahidi kuandika makala juu ya mazingira, mama wa Kenya huuliza gunia ni bei gani.

Kikokotoo cha kaboni, yaani programu inayogeuza safari, mafuta na taka kuwa tani za hewa ya ukaa, kina adabu ya kutouliza mambo ya mwilini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, ulikuta kobalti nyingi kupita kiasi katika mkojo wa watu waishio karibu na migodi na viwanda vya Katanga, lakini mkojo haupimwi kwa tani, na bila shaka ndiyo sababu haujatengewa safu yake.

Kwa heshima zote, inaombwa kwamba hesabu ya betri ianzie shimoni badala ya kuanzia bohari ya mwenye kukodisha; kwamba watayarishaji waulize madini yametoka wapi, na wachague betri za chuma na fosfeti, zisizo na kobalti, pale zinapofaa; na kwamba wakumbuke kuwa mandhari isiyojengwa bure na safari isiyofanywa haihitaji betri ya aina yoyote.

Ombi la mwisho ni dogo. Filamu ya Oppenheimer ya mwaka 2023 ilisimulia bomu bila kamera yake kufika Shinkolobwe, katika jimbo hilihili la Haut-Katanga, ilikotoka sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima. Kwa kuwa orodha ya mwisho wa filamu humtaja hata mpishi wa chai, mchimbaji naye atajwe chini ya ule unyayo. Majina yakikosewa, Kenya haitalalamika, kwani huko umeme hukatika kabla orodha haijaanza kupanda.

Kwa unyenyekevu, na kwa mwanga wa mshumaa,

Kenya, Lubumbashi